Chumvi ya Siku ya Tatu

Siku hizi kila damu inayoletwa mezani kwangu naiinua kwanza hadi dirishani. Wenzangu wa kituo wananicheka, eti Mama Bilkisi anatafuta dhahabu. Nawaacha wacheke. Natafuta rangi ya kahawia. Nimeiona mara mbili tu katika kazi yangu, na mara ya kwanza niliidharau.

Mimi ni mpimaji wa maabara katika kituo kidogo cha afya hapa Kolwezi, mwaka wa kumi na tisa huu. Napima malaria, mkojo, makohozi, na mimba za wasichana wanaoingia wamejifunika kitambaa mpaka puani kana kwamba mimi sitawatambua. Sina shahada kubwa. Nina darubini yenye kioo kilichopasuka pembeni, nina mdomo, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua kazi yake. Hicho kiburi ndicho kilichoanza kuniadhibu Jumatatu ile.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Polycarpe, muuguzi wetu, alinipitishia bomba la damu kwenye kidirisha kinachotenganisha chumba chake na changu. Hakutaja jina la mgonjwa, na mimi sikuuliza. Niliangalia bomba. Damu ilikuwa ya kahawia, kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo.

"Polycarpe, hii damu uliiweka ku jua?" nilimuuliza. "Imeoza. Lete ingine."

"Mama Bilki, minaitosha mu mushipa sasa hivi. Ata dakika mbili haziyaisha."

"Basi mukono yako njo inaozesha damu ya batu. Lete ingine."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikaandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu: échantillon mauvais, damu mbovu. Bomba nikalitupa kwenye ndoo. Dakika kumi baadaye Polycarpe alirudi kidirishani, mikono mitupu.

"Amekufa," alisema. "Mama, sikukuwa najua ni nani. Banasema ni mutoto ya yaya yako."

Alikuwa Akram, kitinda mimba wa kaka yangu Alimasi, kijana wa miaka ishirini na minne. Kazi yake ilikuwa kusindikiza malori ya madini kati ya Fungurume na Kolwezi, yule anayekaa juu ya mzigo ili wezi wasipande. Majirani walimleta kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili. Alikaa ng'ambo ya ukuta wangu akitafuta pumzi, na shangazi yake akafanya mzaha juu ya damu yake.

Tulimzika siku hiyohiyo, kama ilivyo dini yetu. Aliyemwosha ni Babu Baraka, mzee ambaye ameosha wafu wote wa ukoo wetu tangu nilipokuwa mtoto. Alipotoka alinivuta pembeni. "Bilkisi, weye unafanya mambo ya lopitali," alisema. "Makucha yake ni ya bluu. Midomo ni ya bluu. Mi sijaona vile." Nilimjibu kwamba mtu akikosa hewa huwa hivyo, na hilo ni kweli. Hakuridhika. Watu nao walikuwa na majibu yao: mmoja alisema vumbi la kobalti, mwingine alisema amerogwa na wenzake wa lori. Mimi nilikuwa naona bomba tu. Nikifunga macho naliona, nikimimina chai naliona.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilichokifanya. Babu yangu alitoka Kasongo na vitambaa vyake akaja kufanya biashara huku, akaleta na desturi. Nyumba yenye msiba wa kijana hupika bila chumvi siku mbili. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, shangazi wa marehemu, yaani dada wa baba, ndiye anayerudisha chumvi kwa mkono wake. Anatia kwenye sufuria. Kisha anaweka nyingine kiganjani, mama wa marehemu anailamba, halafu aliyeosha maiti anailamba, na inayobaki anailamba shangazi mwenyewe. Maana yake ni kwamba sasa wenye msiba wanaweza kula tena kama watu. Imamu wetu haipendi desturi hii, anasema haimo kitabuni. Siku ya tatu hukaa mbali na jikoni akijifanya hajui kinachoendelea, kisha huja kula.

Basi siku ya tatu, shangazi nilikuwa mimi.

Walinipa ndoo ndogo ya plastiki. Chumvi ilikuwa nyeupe inayoelekea umanjano, yenye unyevu kidogo. Niliuliza imetoka wapi, maana kaka yangu ana duka la vyakula na chumvi yake naijua. Gloire, jirani yetu aliyekuwa anasimamia mapishi, alinijibu huku anafuta macho:

"Ni Akram mwenyewe aliileta, Jumatatu. Alimununulia mama yake ku barabara ya Fungurume, zawadi. Tukasema leo tutumie ile yake."

Wanawake wote jikoni walilia upya. Nami nililia. Tuliona ni jambo zuri sana, mtoto awarudishie watu chumvi yake mwenyewe. Nikatia kwenye sufuria mbili za maharage, nikakoroga, nikajaza kiganja.

Nuru, mke wa kaka yangu, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mimi na Nuru tulipendana kabla hajaolewa. Ni mimi niliyempeleka kwa Alimasi. Alilamba kiganjani mwangu huku amefumba macho, akalamba tena, kwa sababu siku mbili alikuwa hajala kitu na ladha ile ilikuwa imepitia mikononi mwa mwanawe. Babu Baraka akalamba. Ilipofika zamu yangu nilipangusa kiganja kwenye kitenge. Nina shinikizo la damu, na daktari amenikataza chumvi. Alimasi alikuwa amesimama mlangoni, aliniona, akanikunjia uso. Nikamwambia, "Yaya, niko na tension, unajua." Akageuka akatoka nje.

Watu walikula. Haikupita nusu saa, Babu Baraka akasema kichwa kinamgonga. Akaomba maji. Kabla maji hayajafika alikuwa amelala ubavu, anahema haraka, na midomo yake ilikuwa inageuka rangi mbele ya macho yetu. Mwingine akatapika, na mwingine. Wanaume walimbeba Babu Baraka mpaka kwenye gari la Alimasi lililoegeshwa barabarani, lakini alipofika kwenye gari hakuwa tena mtu wa kubebwa hospitali. Ndipo mwanamke mmoja akapiga ukelele:

"Akram anaita batu! Alianza na ule mwenye alimuosha!"

Uwanja ukawa mtupu. Watu waliacha viatu. Alimasi aliwapakia wagonjwa saba kwenye gari akaenda nao hospitali. Alitaka kumbeba na mkewe, lakini Nuru, aliyekuwa ameshalazwa chumbani, alishikilia nguzo ya kitanda chake na kusema haendi popote, na gari lilikuwa limejaa watu wanaotapika. "Kaa naye," kaka yangu aliniambia. "Nitarudiya kumubeba." Nikampigia Polycarpe aje na mkoba wake, nikaingia chumbani.

Nuru alikuwa amelala chali. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na midomo ilikuwa ya bluu hasa. Alikuwa anatabasamu.

"Mulamu," aliniita, yaani wifi yangu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyepanda ngazi, "funga mulango. Akram iko apa."

"Wapi?"

"Pale ku kabati. Amesimama tu. Anasema tuende."

Mimi, mwanamke wa maabara, ninayewacheka watu wa ushirikina kila siku ya Mungu, niligeuka nikaangalia kabati. Nililiangalia sana. Palikuwa na kabati, na koti la Akram la kazini likining'inia mlangoni mwake, na sikuthubutu kulisogeza.

Polycarpe alifika akihema. Kwanza alipima mapigo, kisha akachota damu, na mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, naona sindano, naona mshipa, naona damu ikipanda. Ilikuwa kahawia. Hapakuwa na jua la kulaumu wala mkono wa muuguzi. Polycarpe alinitazama. Angetaja Jumatatu ningempiga.

Nilichukua bomba nikaenda dirishani. Nikadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, nikalipepea. Damu ya mshipani ni nyeusinyeusi, lakini ikipata hewa inachangamka, inakuwa nyekundu. Ndiyo kazi yake duniani, kubeba hewa. Hii ilibaki kahawia. Nikapepea tena. Ikabaki vilevile. Na hapo nikamkumbuka mwalimu wetu Lucien, kule Lubumbashi, alipodondosha tone la namna hiyo kwenye karatasi ya chujio na kutuambia kwamba ndani ya damu kuna chuma, na chuma hicho kikinyang'anywa kitu chake kidogo hakiwezi tena kushika hewa. Mtu anapumua lakini hewa haifiki. Anazama akiwa nchi kavu. Na wezi wakubwa wa kitu hicho, alisema, ni nitriti, yaani nitrojeni moja iliyoshikamana na oksijeni mbili. Niliandika daftarini, nikafaulu mtihani, nikasahau miaka ishirini.

Nitriti. Katika kazi yangu naipima kila siku, kwa vijiti vya mkojo vyenye vimraba vya rangi, vile tunavyoviita bandeleti. Kimraba kimoja ni cha nitriti. Kikigeuka pinki mgonjwa ana vijidudu kwenye njia ya mkojo. Kilichomo ni ujanja mtupu wa kemia: nitriti inakamata dawa moja iliyomo ndani ya kimraba, nitrojeni mbili zinashikana kama watu wawili wanaoshikana mikono, kisha zinaivuta dawa ya pili, na muungano huo ndio wenye rangi. Polycarpe alikuwa na kopo la bandeleti mkobani. Nililichukua nikaenda jikoni.

Nilianza na maji ya pipa. Kimraba kikabaki cheupe. Nikachovya kwenye mafuta ya kupikia, upumbavu tu, nilikuwa nachelewesha. Kisha nikayeyusha punje chache za chumvi ya Akram katika glasi ya maji nikachovya. Sikuhesabu hata mpaka tatu. Kilikuwa pinki ya kupiga kelele. Nikamwambia Gloire alete chumvi nyingine, ya dukani, nikafanya vilevile. Kikabaki cheupe. Bado sikuamini, au sikutaka. Nililowesha kiganja changu cha kulia, kile nilichokipangusa tu kwenye kitenge, nikakandamiza bandeleti katikati yake. Kimraba kikageuka pinki.

"Muite Gael," nilimwambia Gloire. Gael ni mumewe, amewahi kufanya kazi na watu wa kulipua miamba. Alikuwa amejificha nyumba ya pili na wanaume wengine. Aliingia jikoni, akainamia ndoo, akachukua punje kwa kidole, kisha akakipangusa kidole ukutani haraka.

"Ii haiko chumvi," alisema. "Tunaitiaka mu bintu ya kulipua mawe, inaleta bipovu ndani. Mufuko yake iko na kichwa ya mufu. Batu banaiiba, banaiuzisha ku barabara bila mufuko."

Gloire alikaa chini pale alipokuwa.

Niliwapigia hospitali. Daktari Darlène, aliyekuwa anawapokea wagonjwa wa Alimasi, alinisikiliza bila kunikatiza. Nilimwambia damu ya kahawia, nikamwambia bandeleti, nikamwambia nitriti. "Bleu de méthylène," alisema. "Ninayo. Ninawatia hawa sasa hivi, na ampuli mbili natuma kwa pikipiki. Mama Bilkisi, musimutie ile mnapaka ku microscope, unasikia?" Nilisikia. Nilikuwa nimeshaifikiria. Ni dawa ileile ya bluu ninayopakia rangi makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, nayo ina nitrojeni kifuani mwake, na kazi yake katika damu ni kurudisha kile kidogo kilichoibwa. Nitrojeni iliua, nitrojeni ilitoa ushahidi pinki, na sasa nilikuwa naisubiri nitrojeni nyingine ije kwa pikipiki kutoka mjini.

Polycarpe alitoka kwenda kuisubiri barabarani. Mimi nikarudi kwa Nuru na sentensi yangu tayari mdomoni: Akram hakuiti, ni chumvi. Nilidhani ni habari njema. Nilidhani nitamwondolea mzimu.

"Dawa inakuya," nilimwambia. "Nyoosha mukono, nitafute mushipa."

Aliuficha mkono chini ya mgongo. "Hapana. Mi sitaki. Mukiniponyesha, nani atamusindikiza? Anaogopa peke yake, mutoto ule. Tangu mudogo."

"Nuru."

"Anasema iko na njaa." Alitulia akakusanya pumzi. "Mulamu, nikuambie kitu, sijaambia mutu ata moja. Jumatatu mi nilifunga. Alifika asubuhi na njaa ya barabara, na ile ndoo yake, anacheka. Nikamupikia maharage ya yeye peke yake. Sikuonja, nilikuwa nafunga. Akasema, mama, chumvi haitoshi. Nikaongeza. Akasema tena, haitoshi. Nikamimina kabisa." Tabasamu likapanuka kwenye ile midomo ya bluu. "Kitu ya mwisho mutoto aliniomba mu hii dunia, mi sikumukatalia. Njo kitu ninabaki naye."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa kabati. Kwa sababu nikimwambia ni chumvi, atapona, na akipona atajua. Na nisipomwambia, ataondoka na mwanawe, amefurahi, mikononi mwangu, kabla pikipiki haijafika. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamchukia Akram kwa zawadi yake. Ndiyo, nilimchukia maiti, kisha nikamwomba radhi, kisha nikaangalia tena kwenye koti lile.

Nikamwambia nusu.

"Nuru, sikia. Leo mi niliua mutu. Babu Baraka amekufa. Chumvi yenye nilimulambisha ilikuwa na sumu, na weye nilikulambisha ile ile, mu huu mukono." Niliufungua mkono wangu mbele ya macho yake. "Mi sikulamba. Mi niko muzima. Ukienda na weye, mi nitabaki namna gani? Nitaingia mu nyumba gani? Unipe mushipa, Nuru. Si juu yako. Juu yangu."

Akili yake ilikuwa nzito kwa kukosa hewa. Ilichukua neno "chumvi" ikaligeuza, ikaliacha, haikufika Jumatatu. Nilimshukuru Mungu kwa uzito ule, na hapohapo niliona haya. Alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyevunja chungu. Kisha akasema, "Maskini, Bilkisi," akautoa mkono chini ya mgongo na kunipa.

Hakuutoa ili aishi. Aliutoa kwa kunihurumia.

Pikipiki ilifika. Polycarpe aliisukuma dawa polepole, dakika tano nzima kwa saa yake, na mimi nilishika mkono wa pili wa Nuru chini ya kitenge alichofunikwa. Rangi ya bluu iliingia mshipani kama wino. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Kisha, robo saa, nusu saa, kucha zilianza. Halafu midomo. Wekundu ulirudi kutoka katikati ukaenda pembeni. Polycarpe alisema "Alleluia" nyumbani kwa Waislamu bila kujali, akatoka nje kupiga simu.

Nami nilipaswa kufurahi. Lakini damu inapoanza kubeba hewa inaipeleka na kichwani, na nilikuwa naiona akili ya Nuru inarudi, hatua kwa hatua, kama unavyomwona mtoto anakimbilia shimo la wachimbaji na uko mbali. Aligeuza macho akaangalia kabati. Aliliangalia, akaliacha. Hapakuwa na mtu tena pale kwake. Akakunja uso. Midomo yake ikaanza kusogea bila sauti, na nilijua anahesabu siku.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Alimasi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alisema wale saba watapona, daktari amesema ni chumvi, amemweleza yote. Hakuonyesha furaha. Alisimama miguuni pa kitanda akanielekezea kidole.

"Ile chumvi njo iliua Akram?"

"Ndiyo, yaya."

"Basi Jumatatu alikula wapi? Mi nilikuwa ku duka. Nani alimupikia? Nani alimutilia ile kitu mu sahani?"

Vidole vya Nuru vilikaza ghafla kwenye mkono wangu, chini ya kitenge. Kinywa chake kilifunguka. Nilimtazama usoni na nikaona amefika, amefika kabisa mpaka kwenye ile sufuria ya Jumatatu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Sijawahi kuona uso wa namna ile na naomba nisiuone tena.

"Kwangu," nilisema.

Alimasi alinigeukia.

"Alipita kwangu kwanza na ndoo. Mi njo nilimupikia. Nilimutilia chumvi, akasema haitoshi, nikaongeza."

Nuru alijua kwamba ni uongo. Jumatatu ile asubuhi, maharage ya Akram yakiwa jikoni kwake, alinipigia simu kituoni kuniuliza kama mtu anayefunga anaweza kumeza dawa ya mgongo, na nilimjibu nikiwa na darubini mbele yangu. Tulikuwa tumecheka kwenye simu. Angeweza kusema neno moja tu na kuniokoa.

"Na leo," Alimasi alisema taratibu, "leo ulilambisha batu, weye ukapangusa mukono. Mi niliona. Mi mwenyewe niliona kwa macho."

"Ndiyo."

"Nuru," alimuuliza mkewe, bila kuniondolea macho, "Akram alitoka kwake?"

Nilisikia Nuru akivuta pumzi, pumzi nzuri, ndefu, iliyofika.

"Alitoka kwake," alisema. "Alifika apa ameshiba. Hakukula kitu kwangu, ata kidogo. Ni yeye, baba Akram. Ni yeye njo alimuua mutoto."

Na wakati wote mdomo wake unasema hivyo, mkono wake chini ya kitenge ulikuwa umenishika. Alinishika kwa nguvu zote za damu mpya, kucha zake zikaingia nyamani, alinishika kama mtu anayening'inia.

"Toka," alisema kaka yangu. "Toka mu nyumba yangu. Usirudi ku arobaini, usirudi ku kitu chochote, mpaka mi nife."

Nilitaka kutii. Nilijaribu kusimama mara moja, nikashindwa, nikajaribu tena, na Alimasi akapiga kelele akidhani nambishia. Mwishowe ilinibidi niupeleke mkono wangu wa pili chini ya kitenge, nikaanza kuvifungua vidole vya Nuru kimoja baada ya kingine.